Risasi za Mzee Gurnam

5 Aprili, Jumamosi

Msimu wa shabaha umefunguliwa leo, na mimi nimeufungua kwa kubishana na mzee Gurnam.

Nilimpitia asubuhi karakanani kwake Nechells, mtaa wa viwanda wa mji wetu huku Uingereza. Mzee amekereza vyuma pale tangu ujana wake. Alizaliwa Nakuru, baba yake akiwa fundi wa reli, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama kule. Mimi ni mtu wa Njoro, jirani tu. Ndiyo maana tulipokutana mara ya kwanza kwenye klabu ya bunduki, katikati ya Waingereza waliovaa makoti ya mvua, tulisalimiana kama watu wa nyumba moja waliopoteana sokoni.

Alikunjua kitambaa juu ya meza. Ndani mlikuwa na risasi. Sisemi ganda wala baruti, nasema kile kichwa chenyewe kinachoruka. Amezikereza moja moja kutoka kwenye ufito wa shaba tupu. Zimechongoka, ndefu kuliko zozote nilizowahi kupiga, na hazina hata mkwaruzo.

"Angalia, beti," alisema. Beti ni binti kwa Kipunjabi chake, na haniiti vingine. "Ile ya kiwanda iko na tumbo laini ya risasi, ile madini ya kijivu, halafu wanavalisha koti ya shaba. Koti na tumbo hapana kaa sawa kila siku. Hii yangu iko kitu moja, nje mpaka ndani."

"Za kiwanda zilinipa medali ya fedha mwaka jana, mzee."

"Na zangu zitakupa bamba ya mwisho."

Nilicheka, akanuna. Bamba la mwisho si jambo la mchezo. Mashindano ya kufunga msimu hufanyika Septemba kwenye milima ya Wales. Mabamba ya chuma hutundikwa bondeni, kila moja mbali kuliko mwenzake, na la mwisho liko karibu kilomita mbili. Upana wake ni wa meza ndogo ya chai. Ukitazama kwa macho matupu huoni kitu, unaona mlima tu. Hakuna mwanachama wa klabu yetu aliyewahi kulipata.

Ndipo akaniambia lililokuwa moyoni. Jengo limeuzwa. Katikati ya Septemba anatakiwa awe ametoka, na mashine yake ya kukereza itachukuliwa. Anataka nizilinganishe risasi zake na za kiwanda msimu mzima, kwa bunduki moja na jicho moja, halafu nimwambie ukweli.

"Mbona mimi?"

"Wengine watanipenda ama watanicheka. Wewe utapima."

Nimerudi nyumbani Kingstanding kifua mbele. Mtu wa mikono kama ile kunichagua mimi!

12 Aprili, Jumamosi

Mvua. Mgomo wa wazoa taka unaendelea, na mifuko myeusi imepanda mpaka kwenye ua wa jirani. Sijapiga hata moja.

20 Aprili, Jumapili ya Pasaka

Baada ya ibada nilikaa kwenye chumba kidogo nikijaza maganda, mizani mbele yangu. Mume wangu Cleopas alisimama mlangoni na sahani ya pilau.

"Mama Wambui, hata leo? Nyumba ya Mkristo, siku ya ufufuo, na wewe unapima baruti."

"Napima, sipigi."

"Watu kanisani wananiuliza. Ninawaambia mke wangu ni nesi. Hayo mengine siyataji."

Hilo lilinichoma kidogo. Cleopas ni dereva wa basi, mtu mpole, hana kelele. Lakini tangu nianze mchezo huu hajawahi kufika hata mara moja kuniona nikipiga. Kwake ni kama nina ugonjwa ambao familia imekubali kuuficha.

Nimepanga hivi: tano za kiwanda, tano za mzee, kwa zamu, ili upepo usimpendelee mtu. Kwanza karibu, halafu mbali.

3 Mei, Jumamosi

Siku mbaya. Naandika yote ili nisije nikajidanganya kesho.

Nilifika Wales mapema, peke yangu. Mwenzangu wa zamani aliyekuwa akinisomea upepo alihamia Leicester wakati wa baridi, na sijapata mwingine. Niliweka karatasi kwenye mita mia tatu, nikalala nyuma ya bunduki, nikatulia. Kutulia nakujua. Kazi yangu ni kusimama chumba cha upasuaji na kumpa daktari chombo kabla hajakiomba, na mkono wangu haujawahi kutetemeka mbele ya damu. Sembuse karatasi.

Za kiwanda zilitoboa matundu matano yanayogusana. Nilijisikia vizuri.

Kisha nikapakia za mzee. Ya kwanza ilikwenda juu sana. Ya pili sikuiona. Nilipomaliza tano nilitembea mpaka kwenye karatasi, nikahesabu. Matundu mawili peke yake, na hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, kama mtu amebonyeza kidole ubavuni. Risasi zilikuwa zimefika zikiwa zimelala, zikipinduka hewani kama fimbo iliyotupwa. Nyingine tatu hata karatasi hazikuigusa.

Risasi inayopinduka kwenye mita mia tatu haiwezi kufika kilomita mbili. Hata mlima wenyewe inaweza kuukosa.

Nilikunja ile karatasi nikaiweka kwenye gari. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno laini, na nilipofika Nechells nikaona kwamba mzee hakuniomba maneno laini. Nikamwekea karatasi mezani.

Aliipindua, akaipindua tena. Kisha akasema, "Bunduki yako mbovu."

"Bunduki hiyo hiyo imeweka tano za kiwanda mahali pamoja. Tazama hapa."

"Basi ulilala vibaya. Ulikuwa unataka zile zingine zishinde."

"Mzee, uliniambia nipime. Nimepima."

"Nenda nyumbani, Audrey."

Aliniita Audrey. Hakuniita beti.

10 Mei, Jumamosi

Hajapiga simu. Mimi pia sijapiga.

18 Mei, Jumapili

Bado kimya. Nilidhani ni mtu mkubwa. Naona sasa ni mzee mkaidi kama wazee wote, anayetaka kusifiwa kabla hajafunga duka. Zamu nne mfululizo wiki hii. Taka bado zipo, na mbweha wamezigundua.

27 Mei, Jumanne

Cleopas alirudi kutoka kazini akiwa na mgeni. Nilifungua mlango nikamkuta mzee Gurnam amesimama nyuma yake, kilemba chake cha bluu kimelowa mvua, mkononi ana mfuko wa plastiki.

"Alipanda basi langu mjini," Cleopas alisema. "Nikasikia lafudhi ya Nakuru, nikamsalimia kwa Kiswahili, kumbe ndiye yule mzee wako. Alikuwa anakuja hapa. Ameniambia mambo mpaka kituo cha mwisho."

Mzee hakukaa. Aliniomba nitoe bunduki kwenye kabati la chuma. Akachomoa ufito mwembamba kutoka kwenye mfuko, akauvisha kitambaa, akausukuma ndani ya mtutu polepole. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojizungusha, na hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iruke imenyooka. Alitia alama kwenye ufito, akatazama unasogea kiasi gani mpaka uzunguke mara moja. Akarudia. Cleopas aliinama akiangalia kama mtoto.

"Risasi ndefu inataka kuzungushwa haraka," mzee alisema mwishowe. "Mtutu yako inazungusha pole. Mimi nilifanya yangu ndefu sana, nilipenda ile sura. Hapana uliza bunduki kwanza." Akaufuta ufito. "Bunduki iko sawa. Na wewe ulilala sawa. Ni mimi nimekosa."

Nikamwambia kuna chai na mahamri. Akakaa, akala matatu.

Nimekuwa nikimwita mkaidi kwa wiki tatu. Mkaidi gani hupanda basi kwenye mvua kuja kusema amekosa?

1 Juni, Jumapili

Mzee ameanza kukereza nyingine, fupi zaidi. Ameniita beti kwenye simu mara tano.

14 Juni, Jumamosi

Leo Cleopas amekuja Wales.

Sikumwomba. Aliamka, akavaa viatu vya kazi, akasema, "Huyo mzee ameniambia huna mtu wa kukutazamia. Mimi natazama barabara siku nzima. Nitashindwa kutazama nyasi?"

Nilimweka kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu, nikamweleza: risasi ikipita hewani, hewa nyuma yake hutetemeka kidogo, kama joto juu ya lami. Ukiwa na jicho zuri utauona ule mkia ukipanda, ukipinda, ukishuka. Watu wengi huchukua miezi kuuona. Cleopas aliuona kwenye risasi ya pili.

"Huyo! Ameenda… ameenda… amedondoka kulia, chini ya bamba, kama urefu wa mkono."

"Umeona kweli?"

"Mama Wambui, mimi naona pikipiki ikinipita upande nisiotarajia kila siku ya Mungu."

Matokeo sasa. Kwenye mita mia tatu za kiwanda bado zinashinda. Hizo zinagusana, za mzee zinaenea upana wa andazi. Lakini hazipinduki tena. Matundu ni duara safi, na nilipiga picha nimtumie mzee papo hapo. Tukasogea kwenye bamba la mita elfu moja na mia sita. Hapo mambo yakageuka. Za kiwanda zilitawanyika juu na chini, moja juu ya bamba, nyingine chini kabisa. Za mzee zilikaa kwenye mstari kana kwamba zinafuata kamba. Tumerudia mara mbili, kwa zamu, na imekuwa vile vile.

Yaani za kiwanda zinaanza vizuri na kuishia vibaya kidogo, za mzee zinaanza hivi hivi na kufika pamoja. Sikujua jambo kama hilo linawezekana mpaka nililiona kwa macho yangu. Kwa macho ya Cleopas, niseme.

Njiani kurudi alihesabu kwa vidole kwenye usukani mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Kwa hiyo ndiyo unachofanyaga huku?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia ni hesabu?"

29 Juni, Jumapili

Joto la kuwashia mkaa. Kanisani feni zote zilikuwa zikizunguka na bado tulilowa. Baada ya ibada Magdalene wa kwaya alimuuliza Cleopas, akiwa na kile kicheko chake, kama mkewe bado anacheza na bunduki kama mwanajeshi.

"Sikiliza," Cleopas akamjibu, na watu wakageuka. "Simama hapa Kingstanding, toa nyumba zote, weka meza ya chai kule Great Barr, karibu kilomita mbili. Mke wangu anaweza kuigonga. Na mimi ndiye namwambia upepo unatoka wapi."

Magdalene akarudi kwa wenzake wa kwaya. Mimi nikajifanya natafuta funguo kwenye mkoba, maana uso wangu ulikuwa umefunguka wote.

12 Julai, Jumamosi

Nimefungua boksi jipya la risasi za kiwanda. Aina ile ile, jina lile lile, na zinagonga chini ya zile za boksi la zamani. Kwa karibu huoni tofauti. Kwenye maili moja ni urefu wa goti. Nimebakiwa na chache za zamani, na hazitanifikisha Septemba. Joto, vumbi, nyasi za kiwanjani zimekuwa za njano kama za Njoro mwezi wa Februari. Binti yetu Wambui alikuja nasi leo, akalala garini, akaamka akaniuliza, "Mum, did you win?" Nikamwambia leo hakukuwa na kushinda. "Then why are you smiling?" Yaani, mbona natabasamu?

20 Julai, Jumapili

Nimekasirika. Leo kwenye mkutano wa klabu, bwana Ogle, katibu wetu na msimamizi wa alama, alinisimamisha mbele ya wote. Ni mwanamume mrefu asiyecheka, na kwa miaka sita hajanipa zaidi ya habari za asubuhi. Akasema amesikia ninatumia risasi za kutengenezwa karakanani, na anataka kuziona kabla ya Septemba.

Nilikuwa na moja mfukoni. Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akaipima kwa mizani ya klabu, akapitisha ukucha kwenye mkia wake. Chumba kizima kikimtazama. Kisha akanirudishia, akaandika kitu, akaita jina la mtu mwingine. Hata asante hakusema.

Nilimsimulia mzee. Alicheka. "Akiwa hapana sema mbaya, amesema nzuri. Waingereza wa zamani iko hivyo."

Mimi siamini. Nimemuweka Ogle upande wa watu wanaosubiri tuanguke.

2 Agosti, Jumamosi

Habari nzito. Wenye jengo wamesema umeme wa karakana utakatwa wiki ijayo. Mzee alikuwa anatumaini kufanya kazi mpaka siku ya mwisho. Sasa zilizokerezwa wiki hii ndizo hizo. Hakutakuwa na nyingine.

Nilichukua likizo ya siku mbili nikaenda kukaa naye. Binti yake Reena, mfamasia wa Kings Heath, alikuwepo na chakula cha mchana, akimsihi apumzike. Jicho la kulia la mzee limeanza kuingia ukungu, na anasubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hufanya kazi asubuhi tu, mwanga wa dirisha ukiwa upande wake.

"Baba ameacha kwenda hata kwenye mazoezi ya mguu," Reena aliniambia kwa Kiingereza, akiwa amekunja mikono. "Kwa ajili ya vipande vya shaba."

"Haniambii mimi," mzee akasema kwa Kiswahili bila kugeuka. "Ananisema kwako."

Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikamtazama. Ufito wa shaba ulizunguka mpaka ukaonekana umesimama. Kisu kikagusa, na nyuzi za shaba zikaanza kujikunja na kumwagika kwenye trei, nyembamba kama nywele. Hakutazama sana. Alisikiliza. Sauti ilipobadilika kidogo tu alirudisha mkono nyuma, akapima, akaendelea. Kila iliyotoka aliipitisha kwenye maikromita, akanipa mimi niipitishe tena kwa jicho langu zima. Mbili alizitupa kwenye ndoo. Kwangu zilikuwa safi kabisa.

"Ina nini hii?"

"Sijui. Mkono imesema hapana."

Reena alikuwa ameanza kuondoka. Akarudi, akavuta kiti kingine, akakaa karibu nami. Tukatazama wote wawili mpaka mwanga wa dirisha ulipohama. Sikuwahi kumwona akimtazama baba yake hivyo, na nadhani naye hakuwahi.

16 Agosti, Jumamosi

Uamuzi.

Siwezi kuchanganya. Risasi za shaba tupu huacha mtutu katika hali yake, za kiwanda huuacha katika nyingine, na ukibadilisha katikati ya mashindano zile za kwanza huenda zinakotaka. Kwa hiyo ni aina moja, kutoka bamba la kwanza mpaka la mwisho.

Nikitumia za kiwanda, mabamba ya karibu ni yangu na pengine nirudi na medali. La mwisho sitalipata. Nikitumia za mzee, ya karibu nitapoteza baadhi, na la mwisho nina nafasi, nafasi ambayo sidhani kuna mtu mwingine anayo.

Leo nimepiga chache tu za mzee, nikichunga kila moja kama dawa ya mwisho kabatini. Zimefuata kamba vile vile.

Mzee alinipigia simu jioni. "Beti, tumia ile ya kiwanda. Chukua medali. Mimi nimeshaona karatasi, imetosha."

"Mzee, uliniambia nipime."

"Ndiyo."

"Basi nimepima, na sasa mimi ndiye ninayechagua."

Kisha nikasikia anamwambia mtu kwa Kipunjabi, Reena nadhani, neno ambalo sikulielewa, halafu akarudi kwenye simu akasema, "Haya, beti."

31 Agosti, Jumapili

Mvua, hatimaye. Kanisa zima limeombea safari yetu. Aliyetaja ombi ni Magdalene.

6 Septemba, Jumamosi

Nimechoka mpaka kwenye kucha, lakini silali kabla sijaandika.

Tulikuwa wanne kwenye gari: mimi, Cleopas, mzee na Reena. Mzee alivaa koti la suti na kilemba cheupe. Bonde lilikuwa safi, mawingu ya juu, upepo wa kushoto unaokuja na kuondoka.

Mabamba ya karibu yalikwenda kama nilivyojua. Nilikosa moja ambalo mwaka jana ningelipiga nikipiga chafya. Nilikosa jingine kwenye mita mia tisa. Niliwasikia wawili nyuma yangu wakinong'ona kuhusu risasi za nyumbani, na sikugeuka. Kuanzia mita elfu moja na mia tano nilianza kuwapita. Tuling, tuling, moja baada ya nyingine, na kila mara Cleopas akiniambia upepo kwa sauti ile ile anayotangazia kituo kinachofuata.

Kisha bamba la mwisho. Risasi tatu kwa kila mtu. Walionitangulia wote walikuwa wamekosa, vumbi likiruka hapa na pale kwenye mawe chini yake.

Ya kwanza yangu ilitua fupi, kulia. "Nimeiona," Cleopas akasema. "Panda kidogo. Upepo… ngoja. Usipige. Ngoja." Nilingoja. Nilisikia mapigo ya moyo wangu kwenye shavu lililogusa kitako cha bunduki. "Nyasi za karibu zimesimama, lakini zile za mbali zimelala. Kule mbali ndiko kwenye upepo. Kushoto alama tatu. Sasa."

Nikapiga. Zaidi ya sekunde tatu, risasi iko hewani na huna la kufanya. Sikuona vumbi. Sikusikia kitu.

"Imeingia," Cleopas akanong'ona. "Nimeuona mkia ukiingia ndani ya bamba."

Ya tatu upepo ulikata ghafla, ikapita kushoto.

Nikatazama meza ya waamuzi. Bwana Ogle alikuwa ameinamia skrini. Kamera iliyowekwa karibu na bamba ilikuwa imetikiswa na upepo, na picha ilikuwa imeganda wakati wa risasi yangu ya pili. Akainua kichwa. "Sijaona pigo," akasema. "Siwezi kuandika nisichokiona."

Cleopas alisimama. Mume wangu mpole, ambaye hajawahi kugombana hata na abiria mlevi, alikwenda mpaka mbele ya ile meza. "Mimi nimeona," alimwambia kwa Kiingereza. "Haikuacha vumbi. Risasi isiyoacha vumbi imekwenda wapi?"

Mshindani mmoja akasema hata kama kuna alama, mawe yamekuwa yakirusha vipande vya risasi kwenye bamba asubuhi nzima, nani atajua ni ya nani? Wengine wakaitikia. Nilihisi siku yote inateleza mkononi mwangu.

Ogle akavua miwani, akaifuta. "Nitakwenda kuangalia," akasema. "Na aliyetengeneza risasi atakuja nami."

Akasimamisha mashindano. Akamshika mzee Gurnam mkono kumsaidia kupanda kwenye gari la kiwanja, na wakaondoka wakirukaruka bondeni, kilemba cheupe kikizidi kuwa kidogo. Nilisimama na Cleopas na Reena.

Redio ya mezani ikakwaruza, sauti ya Ogle ikatoka, kavu kama kawaida. "Kuna madoa ya kijivu mengi, vipande vya risasi kutoka kwenye mawe. Lakini kona ya chini kulia kuna shimo moja, upana wa dole gumba, na kingo zake ni za rangi ya shaba. Shaba tupu, hakuna kijivu ndani. Leo ni mshindani mmoja tu anayepiga shaba tupu. Nilipima risasi yake mwenyewe mwezi wa Julai, ili siku kama hii nisibahatishe. Andikeni pigo."

Reena alipiga kelele. Cleopas alinibeba, mbele za watu, mimi na uzito wangu wote. Nikamwona Ogle kwa darubini, amesimama kando ya bamba, amempisha mzee. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya chuma, na hakukiondoa kwa muda mrefu.

Hakuna mwingine aliyelipata. Kwa alama za jumla nimekuwa wa sita. Medali sina. Waliopewa medali walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, na yule aliyebisha alikuwa wa pili kuja.

Ogle alipita karibu nami wakati wa kufunga vifaa. "Habari za jioni," akasema. Nikamjibu, "Asante, bwana Ogle." Nilikuwa nimemsoma vibaya msimu mzima.

13 Septemba, Jumamosi

Leo lori limekuja Nechells kuchukua mashine. Watu wa chuo kimoja cha ufundi wameichukua, na wamemwomba mzee awe anakwenda kuwaonyesha vijana jicho likishatengenezwa. Amewaambia atafikiri. Reena amenikonyeza: ameshanunua koti jipya la kazi.

Tulikuwa nje, mashine imefungwa kamba juu ya lori, simu yangu ikalia. Alikuwa Ogle. Anaandaa ukurasa wa matokeo ya kudumu ya klabu, na kwa kila pigo la bamba la mwisho lazima iandikwe aina ya risasi na jina lake. Hili ndilo la kwanza. Aandike nini?

Nikaziba simu, nikamwambia mzee. "Tuandike Gurnam."

"Hapana. Andika Audrey. Wewe ndiye umepiga."

"Mzee, acha utani, anasubiri."

Alitazama karakana, mlango umefunguliwa, sakafu tupu yenye alama ya mafuta pale mashine ilipokuwa imesimama. Akatazama barabara, maghala, nyumba za ghorofa nyuma yake.

"Andika Nechells," akasema. "Mimi hapana zaliwa hapa. Wewe hapana zaliwa hapa. Lakini ile risasi imezaliwa hapa."

Nikamtajia Ogle herufi moja moja. Mzee alisimama kando yangu akisikiliza, na nilipomaliza ile S ya mwisho, ndipo akamwashiria dereva aondoke.